Bi Kazija na Fingo la Umeme

Nisikilizeni, na mtu asinikate kauli, maana kisa hiki kila anayekisimulia hukiharibu. Wapo wanaosema Bi Kazija alikuwa mchawi. Waongo wakubwa! Bi Kazija alikuwa mfukua fingo, na anayefukua si anayezika. Fingo, kama hamlijui, ni ule uchafu anaouzika mtu mwenye roho mbaya mlangoni kwako: kijichupa, mfupa, kitambaa kilichopigwa fundo, ili nyumba isione raha. Bi Kazija akiitwa, aliingia uani, akavua makubadhi, akatembea pekupeku polepole na pua juu, mpaka akasimama. "Hapa." Mkichimba, kitu kipo. Siku moja, lo, alifukua jiwe la mpaka la serikali, akalitupa baharini kama alivyoyafanya mafingo yote, akaitwa bomani kujieleza. Alijieleza vizuri mno, maana karani alimwomba akitoka apite na kwake kumwangalizia ua.

Mimi Siti nilikuwa jirani yake ukuta kwa ukuta pale Kilwa Kivinje, enzi za Waingereza, mwanamke niliyeolewa karibuni, nauza vitumbua, na nina ugonjwa wa kucheka. Nikicheka siwezi kuacha. Bi Kazija alikuwa akinitolea macho, nami ndiyo nazidi.

Lakini ufukuaji wake haukuanza kwa mzaha. Dada yake alikuwa mke wa Mzee Maftaha, mfanyabiashara wa nazi kavu na boriti za mikoko. Dada huyo aliugua ghafla akafariki, akaacha mtoto anatambaa, Ziada. Wiki ya matanga Bi Kazija akachimba kizingitini akakuta kichupa. Kama kichupa kile ndicho kilichoua, Mungu ndiye ajuaye. Yeye aliamini, na aliamini amechelewa. Akamchukua Ziada akamlea, akamwogesha, akamfunza, na yeye mwenyewe hakuolewa tena. Alikuwa akiniambia, "Siti, huyu hachukuliwi na kitu cha chini ya ardhi nami ningali hai." Hapo alikuwa hacheki, na hata mimi sikucheka.

Basi Ziada akakua, akapata mchumba, kijana wa Lindi, na ndugu wa mchumba walikuwa watu wa mambo. Nyumba yao ilikuwa na injini na taa za umeme, stimu kama tulivyoita. Mzee Maftaha aliposikia akakosa usingizi. Mwanawe aolewe na watu wa stimu, naye harusi aifanyie kwenye taa za karabai? Thubutu! Wakati ule zile kambi za Waingereza za kulima karanga huko Nachingwea zilikuwa zinafungwa, zinauza vyombo vyao, akaenda akanunua injini, na pamoja na injini akarudi na fundi.

Fundi mwenyewe jina lake Evaristo, kijana wa Mitole, Mkristo, mpole, mrefu kama mnazi wa mwanzo wa shamba. Kazi hiyo alijifunzia huko huko kambini. Alivuta nyaya ndani ya mabomba membamba ya chuma, akayapitisha ukutani chumba hadi chumba nyumbani kwa Mzee Maftaha, kabla Ziada, mwari wetu, hajawekwa ndani. Sisi wanawake tulijaa kumtazama. Tukamtania, "Fundi, huo moto utapitaje kwenye tundu dogo hivyo?" Akajibu kwa adabu, "Mama zangu, umeme si mkubwa wa mwili, ni mkubwa wa hasira." Mimi nikacheka mpaka nikakaa chini.

Sasa kilichoharibu mambo ni hiki. Alipomaliza ndani, Evaristo alitoka nyuma ya nyumba, pale maji ya kuogea yanapotokea, ardhi haikauki. Akachimba shimo refu. Akashusha humo bomba la chuma. Akalifunga waya mtupu wa shaba uliotoka kwenye yale mabomba ya ukutani. Kisha akamwaga makaa, juu ya makaa akamwaga chumvi, akatia maji, akafukia, akakanyagakanyaga. Na kwa kuwa anaipenda kazi yake, alikuwa anapiga mluzi!

Bi Kazija alikuwa dirishani juu, nami kando yake. Alinishika mkono akanifinya mpaka leo nahisi. "Siti, umeona? Chuma, shaba, makaa, chumvi! Kilichobaki ni kichwa cha kuku tu."

"Labda ndiyo kazi ya umeme," nikasema.

"Umeme uko juu, kwenye taa. Huku chini anamzikia nani?"

Akateremka, fimbo mkononi. Evaristo alipomwona akainama. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umezika nini nyumbani kwa mwanangu?"

Maskini Evaristo akaeleza. Huo ni waya wa ardhi. Umeme una njia yake ndani ya nyaya, lakini siku yoyote waya unaweza kuchubuka, umeme ukaingia kwenye chuma kinachoshikwa na watu. Ukiwepo waya wa ardhi, umeme uliopotea utakimbilia chini kwa nguvu, fyuzi itakatika, taa zitazimika, basi, hakuna aliyeumia. Alisema vizuri sana. Kwa bahati mbaya alimalizia hivi: "Na ukipenda, bibi, kila siku ukimwagie chuma hicho maji kidogo, kipate nguvu."

Ala! Kinamwagiwa maji kipate nguvu! Bi Kazija aligeuka bila kuaga. Akaenda kwa shemeji yake, Mzee Maftaha, akamtaka amfukuze fundi siku hiyo hiyo. Mzee Maftaha akatafuna tambuu yake akasema, "Shemeji, wakwe wanakuja. Mchawi mpe mwana kulea. Mwache amalize." Tukaachwa hivyo, Bi Kazija amevimba, na injini ikawashwa.

Jamani, taa zilipowaka! Msinione hivi, nililia kwa furaha. Vile vyumba vya ndani vya nyumba za mawe, ambavyo hata mchana lazima uingie na kibatari, vikawa vyeupe pe! Tulikuwa tunazima na kuwasha, kuzima na kuwasha, mpaka Evaristo akapiga kelele kutoka nje kwamba swichi si ngoma.

Kisha likaja sanduku la zawadi kutoka Lindi. Mnajua desturi yetu: vitu vya mwari mwanamume wa nje havioni kabla ya siku yake, na yeye mwari huvigusa kimoja kimoja kwa mkono wake ndiyo amevipokea. Ndani ya sanduku, chini ya kanga na manukato, mlikuwa na pasi ya umeme. Inang'aa, unajiona uso! Ilikuwa imeshatumika kidogo, na waya wake ulikuwa umekunjwakunjwa vibaya kwenye safari, lakini nani alitazama waya? Sisi tulijitazama uso. Tukaichomeka pale Evaristo alipoweka tundu la redio, tujaribu kabla mwari hajaletwa kuigusa.

Pa! Giza.

Nje tukasikia Evaristo anasema peke yake. Akatia waya mwingine wa fyuzi, taa zikarudi. Tukachomeka tena. Pa! Giza.

Akaja mlangoni, akasimama mbali kwa heshima. "Mama zangu, mnatia nini humo?"

"Hatutii kitu!" tukajibu sote kwa pamoja, na vicheko vimetujaa mashavuni. Tungesemaje? Zawadi ya mwari haitajwi kwa mwanamume, na yeye kuingia ndani kwa mwari ni mwiko. Basi fundi akahangaika nje, akakagua mabomba, akapanda darini, akashuka, kumbe ugonjwa tumeukalia sisi. Kikulacho ki nguoni mwako, na chetu kilikuwa kwenye kanga za zawadi.

Siku ya Ijumaa, wanaume wakiwa wanakwenda msikitini, tulikuwa tumeshamkatia fyuzi za kutosha kumfanya mtu alie. Alitia ile ya mwisho aliyokuwa nayo, akaiacha injini inanguruma kwenye banda lake, akakimbia dukani kwa Mhindi kutafuta waya mwingine.

Bi Kazija akasimama katikati ya ukumbi. "Mmeona wenyewe," akasema. "Taa zinakuja, kitu kinazimeza. Tangu kizikwe kile, nyumba haina raha. Na mnataka mwanangu aolewe juu yake?" Nani angembishia? Hata mimi niliona kweli, taa zinamezwa! Akatoka na jembe. Tukamfuata tukiimba, nisiwadanganye, tukiimba na kupiga makofi. Bomba lilikataa kutoka, lakini Bi Kazija si mtu wa kushindwa. Akashika panga akaukata waya wa shaba, akauzungushia kitambaa, akausomea, akautupa baharini. Akarudi ananawa mikono.

"Chomekeni," akasema.

Tukachomeka. Kimya. Hakuna pa! Taa zinawaka, pasi inapata moto. Vigelegele vilivyopigwa hapo vilisikika mpaka kijiji cha Singino. Tukambeba Bi Kazija juu kwa juu, naye anatupiga na fimbo tumshushe, anacheka! Nilikuwa sijapata kumwona akicheka vile.

Halafu Rosalia, mpishi wetu, akaigusa ile pasi ubavuni kwa kidole. Akaruka. "Inatekenya!"

"Wapi?"

"Guseni muone!"

Tukagusa. Kweli, inatekenya! Tulikuwa tumesimama juu ya majamvi makavu, moja juu ya jingine kama ilivyo nyumba ya harusi, kwa hiyo tulichopata ni kitu chepesi, kama sisimizi wanakimbia kwenye mkono. Tukapanga foleni, jamani, watu wazima! Kila mmoja anagusa kwa kidole, anapiga ukelele, anarudi mwisho wa foleni. Hata zile swichi za chuma ukutani zilianza kutekenya, tukasema nyumba nzima imeingia baraka. Mimi nilicheka nikalala chini. Bi Kazija akagusa na yeye, akatafakari, akasema, "Hiyo ni nyota ya mwanangu. Mwiteni aje aipokee pasi yake."

Ziada alikuwa bafuni anaondoa liwa aliyosingwa mwilini. Akaitikia, anakuja.

Evaristo alikuwa anarudi kwa njia ya nyuma. Akaliona shimo. Akaiona ncha ya waya inaning'inia ukutani imekatwa. Akasikia vigelegele ndani na mlio wa injini. Hakuuliza mtu. Alitupa alichobeba akakimbia moja kwa moja kwenye mlango wa wanawake, na hapo mlangoni alimkuta Bi Kazija amesimama na fimbo.

"Shikamoo, bibi!" Anahema, macho yamemtoka, na shikamoo hakuisahau.

"Marahaba. Huingii."

"Bibi, mmechomeka kitu cha chuma?"

"Fingo lako nimelitupa baharini. Nenda ukalifuate."

"Bibi, nisikilize, kwa jina la Mungu! Kuna umeme umepotea humo ndani. Taa zilikuwa zinazimika kwa sababu waya ule ulikuwa unauvuta chini. Sasa umeukata, taa haizimiki, na umeme umekaa kwenye chuma chote unangoja mtu. Aliyekanyaga pakavu utamtekenya. Mwenye miguu mibichi utamuua. Nani humo ana miguu mibichi?"

Alikuwa analia. Nilimwona kwa macho yangu, jitu zima refu linalia mlangoni kwa watu. Bi Kazija akamtazama. Hakuelewa habari ya waya, yeye mwenyewe aliniambia baadaye, hata neno moja hakulielewa. Ila kazi yake aliijua. Katika maisha yake yote ya kufukua, hakuwahi kumwona mtu aliyezika fingo akakimbilia ndani kuwaonya wenye nyumba. Mchawi hukimbia kwenda mbali. Huyu amekuja mbio kuelekea kwenye balaa, na analia.

Akageuka. Ziada ameshatoka bafuni, maji yanamchuruzika, anakanyaga sakafu ya chokaa iliyolowa, tayari ameinyooshea pasi mkono, anacheka. Wenzangu wanamwambia, "Gusa! Gusa!" Na mimi mmoja wao.

Bi Kazija alimpiga fimbo ya mkono. Kwa nguvu! Sauti ya fimbo na mfupa naisikia hadi leo. Ziada akapiga ukunga akaanguka nyuma, mbali na pasi. "Asiguse mtu!" Bi Kazija akanguruma. "Juu ya majamvi! Wote! Anayegusa chuma namvunja!" Akatuswaga na ile fimbo kavu kama mbuzi, hata mama mkwe wangu alichapwa, Mungu amjalie. Evaristo ameshakimbilia bandani. Tukasimama tumebanana juu ya jamvi, tunasikiliza injini. Ikakohoa, ikakohoa, ikanyamaza. Taa zikafa.

Ziada alikuwa analia na mkono wake umevimba. "Umenipigia nini?"

Wanaume waliporudi, Evaristo aliomba kitu kimoja: watu wote watoke nje wabaki barazani, aonyeshe. Akachukua balbu yenye nyaya mbili. Waya mmoja akaufunga kwenye mwili wa pasi, ule wa pili akaufunga kwenye kipande cha chuma akakilaza pale pale sakafuni kwenye maji, pale ziliposimama nyayo za Ziada. Akatoka. Akawasha injini. Tukachungulia dirishani.

Ile balbu ikawaka. Jamani, haikuunganishwa na kitu chochote ila pasi na maji ya sakafuni, na ikawaka mwanga wa kutosha kusomea msahafu. Nilitaka kucheka kama kawaida yangu, kicheko hakikuja. Mzee Maftaha akatema tambuu. Bi Kazija akakaa chini kwenye mchanga, akavuta kanga usoni, akalia kwa sauti, "Ningemuua. Mwanangu. Ningemuua kwa mkono wangu." Ziada akamkumbatia kwa ule mkono mzima, wakalia pamoja, na sisi tukaingilia kati, nyumba ya harusi ikawa kama ya matanga, mpaka Rosalia akakumbuka pilau iko motoni.

Evaristo akaipasua ile pasi akatuonyesha ndani, mpira wa waya umechubuka, uzi wa shaba umegusa chuma. Nguo za harusi zikapigwa pasi ya makaa. Alipotaka kwenda kulizika upya bomba lake kwa waya mwingine, Bi Kazija akainuka, uso umemvimba kwa machozi. "Weka jembe chini. Nimefukua mimi, nitazika mimi."

Na alizika! Alimwuliza Evaristo kila kitu. Chumvi hii yatosha? Makaa yakae hivi? Evaristo akasema inatosha, yeye akaongeza. Akapiga bismillahi, akamwaga maji, akakanyagakanyaga. Nadhani ndicho kitu pekee alichokizika katika maisha yake. Mimi nikamwuliza, "Bi Kazija, sasa wewe umekuwa mzika fingo?" Akanitupia fimbo, nikakimbia nikicheka.

Harusi ilifana, taa hazikuzimika. Kisha ikawa safari ya kumpeleka bi harusi kwa mumewe. Tulipanda lori, nyimbo tangu Kivinje, tulipopita Kiranjeranje watu wakatoka barabarani kutuchezea, sauti zikatukauka. Bi Kazija alikuwa amekaa mbele ya Ziada, na kando yake amempakia Evaristo, amemwamuru aje na bomba, waya na balbu yake. Tulimtania njia nzima kwamba bi harusi anapelekwa na vyombo vya chuma.

Tukafika Lindi. Mashangazi wa bwana harusi wametoka na chetezo cha udi, vigelegele, sinia la mchele wa kurusha. Bi Kazija akainua fimbo. "Bi harusi asishuke." Akashuka peke yake. Akavua makubadhi. Mbele ya wakwe wote akaanza kuzunguka nyumba yao pekupeku, pua juu. Vigelegele vikafa kimoja kimoja. Sifa zake zilikuwa zimeshafika Lindi, wakajua anatafuta nini, wakaanza kutazamana.

Akatokea upande wa pili. "Hapa hamna fingo."

"Alhamdulillahi!" wakasema mashangazi.

"Alhamdulillahi ya nini? Mmevuta stimu chumba hadi chumba, na chini hamkuzika kitu! Mwanangu hashuki mpaka mzike."

Salaale! Baba wa bwana harusi, mtu mzima na kanzu yake ya darizi, akasogea. "Mama, unataka tuzike fingo nyumbani kwetu, siku bi harusi anaingia?"

"Tena mbele yangu. Na chumvi isipungue."

Nikacheka, wallahi, nikacheka mpaka nikashikilia gurudumu la lori. Kukawa na makelele pale, huyu anasema tumetukanwa, huyu anasema bibi ana wazimu, na Ziada yuko juu ya lori kwenye jua, kajifunika buibui, hatikisiki. Mwisho bwana harusi mwenyewe, mvulana mzuri yule, akavua koti lake, akachukua jembe. "Nichimbe wapi, mama?" akauliza. Bi Kazija akamwonyesha penye unyevu, karibu na maji ya kuogea. Evaristo akashusha bomba, akafunga waya, akaupeleka mpaka kwenye vyuma vya nyumba. Baba mtu akaona haya akaleta chumvi kwa mkono wake. Injini ikawashwa, Evaristo akapima kwa balbu chumba kwa chumba, haikuwaka hata kidogo. Akasema, "Bibi, iko salama. Ashuke."

Bi Kazija akampita. Aliingia ndani peke yake. Tukamwona mlangoni anachovya mikono kwenye ndoo ya maji, anamwaga maji yaliyobaki miguuni kwake, anakanyaga sakafu tupu. Evaristo akaita, "Bibi, nimeshapima!" Akampungia mkono anyamaze. Akafumba macho, akaukunjua mkono, akalishika lile bomba la ukutani kwa kiganja chote, akakaa nalo. Midomo ilikuwa inasoma.

Akafumbua macho. "Hamna kitu," akasema. "Mshusheni mwanangu."